Mwaka Ambao Wanaume Hawakusikia Sindano

Wiki iliyopita tulimzika mjomba wangu Mwita pale Nyakunguru, na aliyepewa kipaza sauti amsifu marehemu alikuwa Nyamhanga, rafiki yake wa tangu ujana. Meno ya mbele hana tena, lakini mdomo wake haujazeeka hata kidogo. Alisema Mwita alikuwa mwanamume. Alisema hakuna mtu katika kijiji kile aliyewahi kumsikia Mwita akisema naumia, tangu siku aliyotahiriwa mpaka siku aliyokata roho. Wazee wakagonga fimbo chini, na vijana ambao hawakumjua marehemu akiwa mzima wakajifanya wameguswa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na masufuria ya nyama. Nikasema, kwa sauti ambayo jirani yangu aliisikia vizuri, kwamba ndiyo, na ndiyo maana miaka yote hii alitembea akiburuta mguu. Jirani akanitazama vibaya, nami nikamtazama vibaya zaidi. Umri wangu sasa unaniruhusu.

Nataka kuueleza ule mwaka mwenyewe, kwa sababu mpaka leo wanaousimulia ni wanaume peke yao na wameuharibu. Wao huufanya habari ya ushujaa. Ushujaa uko wapi? Kulikuwa na ugonjwa unaojulikana, daktari nusu, na kundi la watu wazima wenye wake na watoto waliogeuza kitanda cha mgonjwa kuwa kiwanja cha kutahiriana mara ya pili.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuhusu. Nikapata kazi mjini Tarime kwa mtu aliyeitwa Idrisa, ambaye mji mzima ulimwita Dokta Sindano. Alitoka kwenye ukoo wa mafundi cherehani wa hapo hapo mjini, Waislamu ambao babu zao walikuja kutoka pwani. Yeye alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akapata kazi ya kufagia kwenye zahanati ya Wachina wanaotibu kwa kuchoma watu sindano nyembamba mwilini, baadaye wakamfanya msaidizi, na alipojiona ameiva akarudi nyumbani. Hakuwa tapeli. Nasema hivyo mapema kwa sababu kumwita tapeli ni kumpa akili ambayo hakuwa nayo. Sindano zake zilikuwa mpya, kila moja kwenye karatasi yake, na akishaitumia anaitupa. Mikono alinawa. Tena yale aliyofundishwa aliyajua kweli. Shida ni kwamba alifundishwa kitu kimoja, akarudi nacho Tarime akidhani ndicho chote. Alivaa koti jeupe lenye maandishi ya Kichina kifuani, na nilipomuuliza yanasema nini, akanijibu kwa ukali kwamba ni mambo ya kitaalamu. Hakujua kuyasoma, kama ambavyo mimi sikujua, ila mimi sikuyavaa.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la mabati. Kilikuwa na kitanda kirefu cha mbao kilichowekwa godoro jembamba, na upande wa kichwani tundu la kuwekea uso ambalo Idrisa alilikata mwenyewe na likakaa mshazari, kiasi kwamba kila mgonjwa aliondoka na alama ya ubao kwenye shavu. Ukutani kulikuwa na picha ya mtu uchi aliyechorwa mistari na vitone kuanzia utosini. Wanawake wa sokoni walikuwa wakimcheka. Kulikuwa na benchi la wanaosubiri, na pazia la maua lililotakiwa kutenganisha benchi na kitanda. Chumba kilinuka spiriti, na kuanzia mchana kilinuka nyama ya kuchoma ya jirani, hata mtu akilala pale kifudifudi tumbo linanguruma. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga watu na kutafsiri, maana Kikurya cha Idrisa kilikuwa cha sokoni. Aliweza kununua ndizi, lakini hakuweza kumuuliza mzee wa watu maumivu yake yanashukia wapi.

Karibu wote walikuja na ugonjwa mmoja. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanaingia takoni, yanashuka nyuma ya paja mpaka kisigino, mguu mmoja tu, na mtu akikohoa anaona nyota. Idrisa aliwaeleza kwamba kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaopita njia hiyo hiyo, na kwamba umebanwa, na sindano zitautuliza. Walikuja watu wa Nyakunguru waliobeba viroba vya mawe kutoka kwenye mashimo ya dhahabu, wakulima wa Gorong'a walioinamia jembe tangu utoto, na mara moja moja wafugaji waliotoka mbali kule Kenyamonta, wakiwa wamekalia tako moja kwenye pikipiki njia nzima. Sasa, tiba ile ilikuwa na sharti. Idrisa akishaingiza sindano huizungusha taratibu, na mgonjwa anatakiwa aseme anapoanza kusikia kitu, uzito fulani, au kama siafu wanaoteremka mguuni. Akisema, Idrisa anaacha hapo hapo. Asiposema, Idrisa hajui yuko wapi. Anazidi kwenda ndani, au anatoa na kutafuta mahali pengine. Tiba nzima ilitegemea mtu mzima aseme neno moja, nasikia.

Wanaume wetu hawakulisema. Ambaye hajakaa kwetu atauliza kwa nini, na jibu lake ni la aibu kwa ujinga wake. Kwetu mvulana hutahiriwa amesimama, mbele ya watu, macho wazi, na akitikisa hata kope itasemwa mpaka aitwe babu. Haya, hilo ni la siku moja ya ujana, na mimi silibishii. Lakini hawa walikuwa watu wenye mvi, wamekuja kwa miguu yao kutafuta nafuu, wamelala kifudifudi suruali zikiwa magotini, na bado Idrisa akiuliza unasikia, mtu anakaza taya na kusema, "Sisikii kitu." Mimi natafsiri kwamba hasikii, huku naona vidole vya miguu vimejikunja. Idrisa anasukuma tena. "Sisikii." Jasho linadondoka kupitia lile tundu mpaka sakafuni, na mimi ndiye nitakayelipiga deki. Mwanzoni tulifunga pazia. Baadaye ndugu na marafiki waliowasindikiza wakataka kuona, pazia likafungwa fundo pembeni, na benchi likawa la watazamaji. Wakaanza kushindanishana. Fulani alichomwa nyingi kuliko fulani. Fulani alizungushiwa sindano ya takoni huku anasimulia habari ya ng'ombe wake, wala sauti haikukatika. Idrisa alijua ni upuuzi, kwa sababu aliniambia mwenyewe tukinywa chai, lakini chumba kilikuwa kinajaa, na mtu ambaye chumba chake kinajaa hupata sababu za kunyamaza.

Wanawake walipona haraka zaidi. Namkumbuka Mama Ghati, muuza nyanya, aliyeletwa akiwa ameinama hawezi kunyooka. Idrisa hata hajamaliza kuuliza, yeye akasema hapo hapo, baba, usisogee, na ukisogea nakupiga teke. Baada ya majuma machache alikuwa amerudi sokoni na maneno yake yote. Sisemi sindano zilimponya, labda mgongo wake ungetulia wenyewe kwa kupumzika, na hata Idrisa hakuwahi kunishawishi kwamba anajua tofauti. Nasema tu kwamba aliulizwa swali akalijibu. Wale mashujaa wa kwenye benchi walimcheka, kisha wakarudi nyumbani wakiwa wamepinda vile vile.

Mjomba Mwita alikuja mwezi wa masika. Kabla hajaja nilikuwa nimeshaujua ugonjwa wake kwa kumwangalia anavyokula. Jumapili nilikuwa nakwenda kwao Nyakunguru, na mkewe, Mama Chacha, alipika ugali wa muhogo na mtama, mweusi na mgumu, na nyama ya mchuzi au maziwa ya mgando. Mjomba alianza kula amesimama. Alishika bakuli mkononi, akaegemea nguzo ya mlango, akasema ana haraka. Hakuwa na haraka yoyote, maana baada ya kula alibaki ameegemea pale pale mpaka jioni. Alikuwa na sehemu yake kwenye duara, yaani shimo la dhahabu alilochimba na wenzake, na kwenye duara hakuna mtu anayegawiwa kwa kukaa juu akiangalia. Asiposhuka, wanamwingiza mwingine. Mguu wake ndio ulikuwa shamba lake na ng'ombe wake. Alisema hivyo mwenyewe, tena bila masihara. Nilimwambia aende hospitali. Akasema hospitali watamwandikia kupumzika, na kupumzika anakujua, hakuhitaji kuandikiwa.

Kwa hiyo akaja kwa Idrisa, na Nyamhanga akamsindikiza, na nyuma ya Nyamhanga wengine. Siku ya kwanza Idrisa alipozungusha sindano ya takoni niliona mguu mzima wa mjomba unaruka kama wa ng'ombe anayefukuza inzi. "Sisikii," akasema. Benchi likaguna kwa kuridhika. Nilimtafsiria Idrisa kwamba hasikii, kisha nikamwambia kwa Kiswahili cha chini chini kwamba anasikia sana, aache hapo. Akaacha, na mjomba akapata nafuu siku kadhaa. Nafuu ya kweli, nisiwe mwongo. Alikaa chini, akala ameketi, akanitania kwamba sasa nami ni daktari, ataniletea mbuzi wa ada. Halafu akarudi shimoni kubeba viroba. Hiyo ndiyo dharau yangu kubwa kwa tiba ile, wala si sindano zenyewe. Iliyanyamazisha maumivu kidogo, na mtu wetu akisikia maumivu yamenyamaza anaongeza mzigo.

Maumivu yakarudi, naye akarudi kitandani, wiki hadi wiki, mpaka Jumapili moja, mahindi yakiwa yameshavunwa. Tulikuwa uani. Mama Chacha alikuwa ameepua sufuria, na makaa yametawanyika kidogo kandokando ya mafiga. Nyamhanga na wenzake wawili walikuwa wamekuja kula, maana walikuwa hodari wa kujua nani kapika nyama. Mjomba alisimama karibu na moto, kandambili moja imemvuka bila yeye kuigeukia, akawa anaeleza habari ya wezi wa ng'ombe waliovuka mpaka. Nikasikia harufu. Nilidhani ni ngozi ya nyama iliyodondokea motoni. Mama Chacha ndiye aliyetazama chini. Mjomba alikuwa amekanyaga kaa la moto kwa mguu mtupu, limekaa chini ya unyayo, moshi unatoka pembeni, naye anaendelea na wezi wake wa ng'ombe.

Mama Chacha akamsukuma. Mjomba akatazama mguu wake, na kwa muda mfupi sana niliuona uso wake kabla hajaupanga. Alikuwa ameshangaa. Hakujua. Mtu anayevumilia moto anajua kwamba ni moto, lakini yule alitazama kaa kama anayeonyeshwa kitu cha mtu mwingine. Halafu Nyamhanga akapiga kofi pajani na kusema, kwa lile neno letu la kuitana wanaume, mnaona, mura, huyu ndiye mwanamume, moto wenyewe umemshindwa. Wenzake wakacheka, wakamshika mjomba bega, wakarudia habari yote kana kwamba hatukuwa pale. Na mjomba akatabasamu. Alikuwa na nafasi ya kusema jamani, mguu wangu umekufa, na aliiona ile nafasi kama nilivyoiona mimi, lakini mbele yake kulikuwa na wanaume watatu wanaomsifu, akaipokea sifa. Niliwachukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Watu wazima watatu wananusa nyama ya mwenzao ikiungua, wanapiga makofi.

Mama Chacha alinivuta jikoni tukiosha vyombo, akanieleza mambo ambayo mwanamke haelezi kwa mtoto wa wifi mpaka awe amekosa pa kwenda. Kwamba mjomba akienda chooni anasimama mpaka chai inapoa, mkojo hautoki. Kwamba akikaa anasema ni kama amekalia tako la mtu mwingine, hapati habari zake. Kwamba alimwambia akapimwe, akamjibu anatibiwa, na kweli alikuwa anatibiwa, kila Jumanne, mbele ya watu.

Jumanne hiyo walijaa. Habari ya kaa ilikuwa imefika mjini kabla ya mwenyewe. Mjomba alilala, akaweka uso kwenye tundu, na Idrisa akaingiza sindano ya kwanza akauliza. "Sisikii," mjomba akasema, na benchi likacheka. Niliangalia vidole vya mguu. Vilikuwa vimelala tu, havikujikunja, wala paja halikuruka. Idrisa akaweka ya pili, ya tatu, chini ya goti, kifundoni. Hakuna kitu. Nikamwambia dokta, huyu hasikii kweli.

"Wote hawasikii," Idrisa akasema, naye akacheka kidogo, kwa ajili ya benchi.

Nikamweleza habari ya kaa ilivyokuwa, na habari ya choo pia, kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wote. Nyamhanga akasema mtoto wa kike anataka kumvalisha mjomba wake gauni. Lakini Idrisa aliacha kucheka. Nampa haki yake hapo, ingawa ni haki ndogo. Akachuchumaa chini ya kitanda, uso wake ukaelekea lile tundu, akauliza polepole, bila kunisubiri nitafsiri.

"Mzee wangu, niambie mimi peke yangu. Unasikia, au husikii?"

Mkono wa mjomba ulishika mguu wa kitanda. Alijua anachoulizwa, na mimi nitalisema hilo mpaka nife. Angesema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeomba maji, angekuwa hospitali mchana ule ule.

"Mura, si nimeshakwambia," akasema, na akatia kicheko ndani yake. "Sisikii kitu."

Benchi likalipuka. Alikuwa amesema ukweli mtupu kwa sauti ya majigambo, na wao wakapokea majigambo wakauacha ukweli pale sakafuni. Idrisa akasimama, akafuta magoti, akanitazama kama anayesema umesikia mwenyewe, akachukua sindano nyingine. Nikafungua fundo la pazia, nikalivuta mpaka mwisho, nikawaambia watoke nje. Hawakutoka. Nikavua koti la bluu nililopewa la kazi nikaliweka juu ya kitanda, juu ya miguu ya mjomba, na nikaenda kupanda pikipiki kwenda Nyakunguru kwa Mama Chacha.

Yeye hakuomba ruhusa ya mtu. Kufikia kesho yake asubuhi tumbo la mjomba lilikuwa limevimba mkojo, Mama Chacha akaazima gari la jirani, akampakia, na Nyamhanga alipotokea kuuliza wanakwenda wapi akamwambia asogee asije akagongwa. Hospitali wakamwekea mpira, mkojo ukatoka, na jioni tulikuwa njiani kwenda Mwanza. Huko wakapiga picha, na daktari akatueleza bila kutugombeza kwamba kile kitu laini kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo kilipasuka zamani kikawa kinaibana mishipa yote ya chini. Maumivu ya mguu peke yake yanaweza kusubiri, alisema, watu wengi hupata nafuu kwa dawa, kwa mazoezi, hata kwa hizo sindano. Lakini mguu ukifa ganzi na mkojo ukikataa, hiyo si habari ya wiki ijayo, ni ya siku hiyo hiyo. Wakampasua. Wakasema sasa kilichobaki ni kungoja kuona kama mguu utarudi. Dalili ya kwanza itakuwa kusikia. Kama baada ya siku kadhaa unyayo unasikia, kuna matumaini ya kurudi shimoni au angalau shambani. Kama hausikii, tujiandae.

Mama Chacha alilala chini ya kitanda siku hizo zote, nami nilikuwa nafuata uji na chai nje ya geti. Mjomba hakuzungumza sana. Aliutazama mguu wake chini ya shuka kwa muda mrefu, na mara moja nilimkuta anausemesha kwa Kikurya, kwa upole ambao sijawahi kumsikia akimsemesha nao mtu. Hakukuwa na benchi pale. Nyamhanga hakuja, nauli iliwashinda mashujaa wote.

Siku ya kupimwa alikuja daktari kijana, mwanamke, mwenye sauti ya taratibu. Akafunua shuka mpaka magotini. Akamwambia, "Baba, nitakugusa unyayo na kitu chenye ncha. Funga macho. Ukisikia, niambie nasikia."

Mjomba akafunga macho. Sijui kama kuna mwanamume wa kwetu aliyewahi kufunga macho akisubiri kuchomwa. Aliyakaza kama mtoto, mikono imeshika shuka pande zote mbili. Nilimwonea huruma, na hasira yangu kwa muda ule haikuwa na pa kushika.

"Nasikia," akasema.

Mama Chacha akautazama mguu, kisha akanitazama mimi.

"Nasikia, daktari. Hapo hapo. Nasikia sana, inauma."

Daktari alikuwa bado amesimama mbali na kitanda, anafungua karatasi ya sindano.